Baba Alipiga Makofi

Kwetu ni Kegalle, vilimani, kando ya barabara ya Kandy.
Duka la vyuma la baba lilikuwa na mizani,
misumari, rangi, mabomba,
na daftari la wadeni, jalada jekundu,
limefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Jioni ile redio ilisema kodi imepunguzwa.
Imepunguzwa!
Baba alilirudia neno kama mtu aonjaye chumvi,
akapiga makofi peke yake katikati ya duka.
Sumanapala wa saluni alilipua fataki mlangoni,
mama akapika wali wa tui, akaukata pembe nne,
nami nikatumwa na sahani kwa majirani,
mbio, vidole vikinata.
Hata wasiolipa kodi walishangilia.
Ndivyo furaha ilivyo, haidai risiti.

Mwezi ule mfuko wa saruji ulishuka bei
kwa kiasi cha kikombe kimoja cha chai.
Baba akanunua bajaji ya buluu, ya mkopo.

Mwalimu Yogeswary tu, wa hesabu,
ndiye aliyeuliza, akipimiwa waya wa kuku:
"Serikali imepunguza inachopokea.
Je, imepunguza inachotumia?"
Baba akacheka. "Serikali haina tumbo, mwalimu."
"Haina. Ndiyo maana haijui kushiba."
Akalipa taslimu, akaondoka na waya wake.

Na baba, aliyejua kwa kichwa
nani anadaiwa robo kilo ya misumari tangu mvua za Mei,
hakuuliza zaidi.

Yaliyofuata hayakuja kwa kishindo.
Yakakosekana maziwa ya unga.
Ikakosekana gesi.
Ikakosekana karatasi, mtihani wangu ukaahirishwa:
nchi haikuwa na karatasi
ya kuniulizia nilichokijua.
Umeme ukikatika tulihesabu saa, kisha tukaacha kuhesabu.
Chini ya bajaji ya buluu kuku walitaga.

Kukopa harusi, kulipa matanga.
Harusini mimi nilibeba sahani tu.
Matangani nilibeba mtungi.

Mitungi ilifungwa mnyororo mmoja, kama wafungwa,
kila mmoja na namba yake ya chaki.
Wetu ulikuwa mia mbili na kumi na mbili.
Usiku tulikaa juu yake, na maneno yakapita foleni nzima:
Wameiba. Ni wale wa juu.
Ni wakopeshaji wa ng'ambo.
Ni barabara zile pana zisizo na magari.
Kila mtu alikuwa na jina la mtu mwingine mdomoni.

Baba akasema, si kwa sauti kubwa:
"Mimi nilipiga makofi."

Kimya. Mbu.
Kisha Sumanapala akakohoa gizani:
"Fataki zilikuwa zangu."
Mtu akacheka, wakacheka na wengine,
kicheko kibaya, cha matumbo matupu,
kikafika hadi kona ya posta na kurudi.

Sisemi mkono uliopiga makofi
ni sawa na mkono uliotia saini.
Sisemi hivyo. Nasema nilikuwepo,
na wali ule ulikuwa mtamu.

Karibu na alfajiri simu ililia:
dada Dilrukshi amejifungua mtoto wa kike,
kilo mbili na gramu mia tisa.
Gazeti la jana, tulilolikalia, lilikuwa limeandika
deni la kila kichwa nchini, watoto wamo.
Baba akaniomba nimulike.
Akatoa daftari jekundu kwapani
(sijui kwa nini alikuja nalo, duka lilifungwa Januari),
akafungua ukurasa mpya,
akaandika: Mjukuu.
Kwenye safu ya kiasi kalamu ikasimama,
ikasimama sana,
hata nikazima taa kuokoa chaji.

Gari la gesi lilifika saa moja.
Liliishia namba mia moja tisini na nane.